Maji Yalifika Wapi?

Nilipostaafu utumishi wa serikali, baada ya miaka 34 ya kufungua mafaili, kuyafunga, kuyapanga na kuyatafuta yalipopotea, nilitoka ofisini na vitu viwili: kiinua mgongo ambacho mke wangu alikwisha kukigawa mafungu kabla hakijalipwa, na itikadi isiyotikisika kwamba jambo lolote la dunia hii ambalo halijaandikwa katika karatasi yenye muhuri ni uvumi mtupu. Itikadi hiyo sikuizua. Mtu aliyepata kumwona kwa macho yake mzee mzima, mwenye ndevu na bakora, akielezwa dirishani kwamba kwa mujibu wa faili lake yeye ni marehemu, na mzee huyo, badala ya kukasirika, akauliza kwa adabu barua ya kuthibitisha uhai hutolewa ofisi gani, hawezi tena kuyasadiki macho kuliko karatasi.

Basi siku dalali alipotupeleka kutazama nyumba katika mtaa mmoja wa mabondeni, Dar es Salaam, si mbali na kimojawapo cha vijito viingiavyo mto Msimbazi, mtaa ambao sitautaja kwa kuwa wakaaji wake hawajanisamehe sawasawa, mke wangu aliitazama nyumba na mimi nikazitazama hati. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, matofali ya saruji, bati jipya, mwembe mmoja wa kivuli uani, na bei iliyokuwa takriban nusu ya bei ya nyumba mfano wake iliyo upande wa juu wa barabara. Mama Salma ni mzaliwa wa Pangani; amelelewa baina ya mto na bahari, na kwa hiyo hana mahaba makubwa na mmojawapo. Alilikunja buibui lake kidogo, akaanza kuzunguka.

Kizingiti cha mlango wa mbele kilikuwa kimeinuliwa kwa zege hadi usawa wa goti, hata ikatulazimu kupanda vidato vitatu nje kisha kushuka vitatu ndani, kama abiria waingiao jahazini. Soketi za umeme, badala ya kukaa karibu na sakafu kama zilivyo majumbani mwa watu, zilikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Friji lilisimama juu ya meza ya mninga. Kila mguu wa kila kitanda ulikuwa juu ya matofali mawili. Kuta zote, ndani na nje, zilipakwa rangi ya mafuta ya kahawia kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na juu yake nyeupe, mstari wa kuzitenga ukiwa umenyooka kwa ufundi ambao niliusifu kwa sauti. Na ghalani mlining'inia mpira wa ndani wa gurudumu la lori, umejazwa upepo, nao umefungwa kamba ndefu.

Dalali alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yake yote yalikuwa mazuri. Kizingiti kinazuia panya. Soketi ziko juu kwa usalama wa watoto, na fauka ya hayo, mzee wangu, mtu wa umri wako ana haja gani ya kuinama? Friji limeinuliwa ili lipate hewa. Rangi ya kahawia ndiyo mtindo wa siku hizi. Na kweli, nilipochungulia nje niliona nyumba zote za mtaa ule zimefuata mtindo huo huo, na kahawia yao inakoma usawa mmoja, nyumba hata nyumba, kana kwamba mafundi wote walivutiwa uzi mmoja. Mpira ni wa watoto kuchezea.

“Na maji?” akauliza Mama Salma.

“Maji hapa si shida kabisa, mama,” akajibu dalali, na mpaka leo sina budi kumkiri kwamba hakusema uongo.

Njiani Mama Salma alinyamaza mpaka tulipofika kituo cha daladala, ndipo aliponiambia, “Baba Salma, nyumba ile kuna kitu inakiogopa.” Nikamjibu, kwa upole wa mtu mwenye elimu kubwa zaidi, kwamba nyumba haiogopi, na kwamba mambo ya maji hayakisiwi kwa kutazama meza za watu. Nitakwenda kuuliza serikalini, na serikali itanijibu kwa maandishi.

Isidhaniwe kuwa nilikuwa mgeni wa habari za maji ya mji huu. Hakuna aliyekuwapo Dar es Salaam Desemba 2011 asiyekumbuka namna mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe na ambao siku nyingi za mwaka mtu anaweza kuuvuka bila kukunja suruali mara mbili, ulivyojaza bonde lake lote na kuchukua roho za watu zaidi ya 40. Waliosalimika mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Jambo hilo si la mzaha wala silifanyii mzaha. Nilijua pia kuwa Jangwani, mahali penye jina la ukame, ndipo barabara ya Morogoro hufungwa kila mvua zikizidi. Na nilijua, maana ni sheria, na sheria nilizisoma kama wengine wasomavyo hadithi, kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Na kwamba Desemba 2015 matingatinga yaliingia mabondeni, na nyumba zilizohukumiwa zikaandikwa X kwa rangi nyekundu. Tangu siku hiyo watu wa mabondeni wanaijua herufi hiyo moja kuliko alfabeti nzima. Hilo la mwisho nililijua, lakini sikulipa uzito wake, na ndilo lililoniponza.

Nikaandika barua. Mtu aliyeandika barua za serikali miaka 34 haandiki mistari mitatu. Yangu ilikuwa kurasa mbili na nusu, na kichwa chake kilisomeka: YAH: MAOMBI YA TAARIFA RASMI JUU YA MADHARA YA GHARIKA KATIKA NYUMBA YA MAKAZI. Niliipeleka kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kijana aliyeketi mezani aliniamkia kwa adabu, akaisoma hadi katikati ya ukurasa wa kwanza, kisha akainua macho.

“Samahani mzee. Gharika si ile ya Nabii Nuhu?”

Nikamwambia ndiyo, na kwamba neno halikuzikwa pamoja naye.

“Basi andika mafuriko, mzee. Gharika hatuna faili lake.”

Nilimweleza kwamba chungu hufurika, kikombe hufurika, hata moyo hufurika. Lakini mto unaoingia nyumbani kwa mtu usiku wa manane pasipo kupiga hodi unastahili jina lenye haiba zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi, kisha akanirudishia barua yangu. Nikaenda nyumbani nikaandika mafuriko. Kurasa zikawa tatu, kwa sababu nililazimika kuongeza tanbihi.

Ofisi zilizofuata nitazipita haraka, maana wao pia walinipita haraka. Katika ofisi ya ardhi nilielezwa kwamba upekuzi rasmi wa kiwanja hueleza mmiliki ni nani, iwapo pana rehani, na iwapo pana zuio la mahakama. Na nilipouliza kuhusu maji, bibi mmoja mwenye miwani alinijibu kwamba maji hayasajiliwi kwa kuwa hayana mmiliki, jibu ambalo nimelitafakari mara nyingi nikaona lina hekima ya kutisha. Katika ofisi ya mambo ya maji nikaambiwa kuwa mito ya Dar es Salaam imo katika bonde la Wami/Ruvu, ambalo bodi yake ina makao Morogoro, na nikafikiri juu ya kijito kile ambacho ningeweza kukitupia kokoto nikiwa nimesimama mlangoni mwa nyumba, nikafikiri na juu ya nauli ya Morogoro, nikaiahirisha safari mpaka leo. Usiku nikasikiliza redioni utabiri wa msimu: vuli hiyo mvua zingekuwa za wastani hadi juu ya wastani. Nikamwuliza Mama Salma, kwa kuwaza tu, wastani ni usawa gani ukutani. Akasema, pasipo kuinua macho katika ushonaji wake, “Wastani ni pale kahawia inapokoma.”

Katika ofisi ya tano, ambayo siitaji kwa kuwa walikuwa wema na wema usio wa kawaida huweza kumharibia mtu kazi, nilimkuta binti mmoja wa ramani. Alinistahi, akanipa kiti, akasoma kurasa zote tatu pamoja na tanbihi, na hakucheka hata mahali ambapo mimi mwenyewe, niliposoma tena, nilicheka. Akasema ramani ipo. Nyumba kwa nyumba, mzee, mtaa ule wote umo. Ila mashine imeharibika. Rudi baada ya wiki mbili. Na ukipenda, katika muda huo pima mwenyewe umbali kutoka ukingo wa mto mpaka ukuta wa nyumba, upate kujua kama zile meta 60 zinatimia.

Ukipenda! Mimi, ambaye sijapata kupewa kazi ya kiserikali tangu niliporudisha funguo za kabati, nilipenda kupita kiasi. Asubuhi ya Jumamosi nilivaa Kaunda suti yangu ya kijivu, ile niliyoagia nayo, nikachomeka kalamu mbili mfukoni, nikachukua daftari la jalada gumu, nikamwita mpwa wangu Athumani, na kwa kukosa kamba ya kupimia nikaazima futi ya Mama Salma ya kushonea, yenye urefu wa sentimeta 150. Hesabu ni nyepesi: futi hiyo ikilazwa mara 40 ndiyo meta 60. Ugumu ni kukumbuka umekwisha kulaza mara ngapi. Tulipofika ya 27 Athumani alisema ni ya 28, tukarudi mwanzo. Mara ya pili tukaafikiana mpaka 33, ndipo mbuzi akapita na kuvuta ncha. Mara ya tatu nikaamua kuwa Athumani atahesabu kwa sauti kuu na mimi nitaandika.

Hebu mwanadamu mwadilifu ajiweke mahali pa wakaaji wa mtaa ule. Asubuhi na mapema, mzee wa Kaunda suti, mwenye kalamu mbili, anatembea kinyumenyume kutoka ukutani kwenda mtoni huku kijana akipaza sauti, “Kumi na nane! Kumi na tisa!” na mzee anaandika. Nilisikia mlango mmoja ukifungwa, kisha wa pili, kisha sauti ya mtoto kutoka juu ya mwembe: “Wa X wamekuja!”

Hawakunijia kwa ghadhabu. Afadhali wangenijia kwa ghadhabu. Walinijia kwa taadhima, wakinipa mikono miwili, wakiniletea kigoda na maji ya kunywa, na kila mmoja alikuwa na ushahidi. Mzee mmoja wa kofia ya vito akaapa kwamba tangu alipohamia pale maji hayajapata kufika mlangoni kwake ila kwa ndoo. Bibi mmoja akasema kuwa mto ule si mto, ni mtaro tu, tena mtaro mpole. Baba mmoja akanionyesha wanawe akadai hata hawajui matope ni nini, na wanawe wakamtazama kwa mshangao. Nilijaribu kuwaeleza kuwa mimi si mtu wa X, ni mnunuzi. Lakini mtu mwenye kalamu mbili haaminiki kwa neno kama hilo, na kadiri nilivyokana ndivyo heshima yao ilivyozidi. Basi nikafungua daftari nikaandika, maana nimezoea kuandika asemalo mwananchi: Wakaaji wote waliohojiwa wanathibitisha kuwa maji hayajawahi kufika.

Nikiandika hayo nilirudi hatua moja nyuma ili nifikie ya 39, na ukingo wa mto, ambao sheria inauzungumza kana kwamba ni kitu kikaacho mahali pamoja, ukaondoka chini ya viatu vyangu.

Si kitambo kirefu nilikaa katika tope lile, lakini nilipata kuona mambo. Niliona kuwa chini ya majani ukingo ulikuwa umeliwa kama mkate ulioachiwa panya. Niliona msingi wa choo cha mtu ukining'inia hewani upande wa pili. Na niliona, nikiwa nimezama hadi kiunoni na daftari nimeliinua juu ya kichwa, kwamba pasipo amri ya mtu yeyote, pasipo hata kelele, mpira wa gurudumu la lori ulitoka katika nyumba ile ukapita mikononi mwa watu watano waliojipanga, ukarushwa ukaniangukia shingoni barabara kama taji, na kamba yake ikavutwa na wanawake wawili waliokwisha kuizungusha kwenye shina la mwembe. Mzee wa ndoo ndiye aliyekuwa akitoa mwendo: “Taratibu, taratibu, msimkate.” Kazi yote haikuchukua dakika tatu. Nilivutwa nchi kavu na watu wasiojua mafuriko, kwa ustadi ambao mabaharia wa Pangani wangeuonea wivu.

Mtu muungwana akiokolewa hurudi kutoa shukrani. Wiki iliyofuata nilikodi bajaji, nikaijaza mikate, sukari, majani ya chai na viberiti, nikavaa kanzu ili nisimtishe mtu, nikaenda. Nilikuwa nimesahau kwamba bajaji iliyojaa mikate na sukari huwa na maana yake mabondeni kama vile Kaunda suti ilivyo na yake. Mtoto yule yule, juu ya mwembe ule ule, akaita: “Wa misaada wamekuja!”

Na maji yakapanda. Siku saba zilikuwa zimepita, mbingu haikuwa imetoa tone, lakini maji ya mtaa ule yalikuwa yamepanda kutoka ndooni hadi paani. Mzee wa kofia ya vito alinishika mkono akanisimulia usiku mbili alizolala juu ya bati na jogoo wake. Bibi wa mtaro mpole akasema yalimfika hapa, akaonyesha kifua. Jirani yake, mwanamke mrefu kama mlingoti, akasema yeye yalimfika hapa, akaonyesha goti. Na wawili hao wakaanza kutuhumiana uongo mbele yangu hali nilivyoona mimi, nilipowasimamisha pamoja, kifua cha huyu na goti la yule havikuwa mbali sana kama walivyodhani. Kijana mmoja akaniuliza pembeni iwapo hii ndiyo ile ya fidia ya mradi wa bonde la Msimbazi, kwa sababu kama ndiyo, yeye ana vyumba viwili vya nyuma ambavyo vilichukuliwa vyote. Nilipotazama huko nyuma nikaona uwanja wa kuanikia nguo.

Nami sikuwalaumu, wala siwalaumu. Nimekaa dirishani miaka mingi nikiwauliza watu umri, na najua kuwa anayeomba kazi hupungua miaka na anayeomba pensheni huongezeka, naye ni mtu mmoja, na wote wawili ninawajua wazazi wao. Lakini nilikuwa bado sijayaunganisha hayo na maji. Niligawa mikate, nikanywa chai, nikarudi nyumbani nikimwambia Athumani kwamba ndiyo maana ya kuwa na ofisi: maneno ya watu yana mawimbi, ila ramani imetulia.

Wiki mbili zilipotimia mashine ilikuwa imepona. Binti wa ramani akafungua mtaa ule katika kompyuta, na nakiri nilisisimka: kila paa lilikuwa pale, kila kichochoro, hata mwembe nadhani niliuona, na juu ya kila nyumba doa la rangi. Kazi za namna hiyo zimefanywa sana katika mji huu tangu ulipoanza mradi wa Ramani Huria mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wenyeji walitembea kata hata kata wakichora nyumba na mifereji ambayo haikuwamo katika ramani yoyote, na ni kazi ya kusifiwa. Waliopita mtaa wetu walikuwa kundi jingine, la siku za karibuni. Binti akagusa paa letu. Ikafunguka karatasi ndogo, akaichapa, akaigonga muhuri, akatia sahihi. Ilisema: KINA CHA MAJI: HAYAJAWAHI KUINGIA. CHANZO: MAHOJIANO NA MKAAJI.

Sijui kama nimepata kupanda ngazi za nyumbani kwa furaha kama siku ile. Niliiweka karatasi juu ya meza mbele ya Mama Salma, nikauweka na muhuri upande wake ili auone kwanza. Akaisoma, akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu, akaigeuza tena.

“Mkaaji nani?” akauliza.

Nikamwambia karatasi za serikali hazina haja ya kutaja.

“Na hao wahoji walikuja wamevaa nini?”

Nilipokuwa nikitafuta jibu, yeye alikuwa amekwisha kuchukua mtandio. Tukaenda, safari hii mikono mitupu. Mama Salma hakuwa na daftari wala kalamu wala swali. Alibisha hodi kwa yule bibi wa mtaro mpole, wakaamkiana, wakaulizana ya nyumbani na ya watoto na ya miguu, wakagundua kuwa shangazi ya mmoja aliolewa Tanga karibu na binamu wa mwingine, kahawa ikaletwa. Na mimi nikakaa mkekani kando ya mlango kama mzigo. Kisha Mama Salma akapapasa kochi alilokalia akasema, “Makochi mazuri haya, bibi. Mliyanunua lini?”

“Haya? Haya ni mapya, mwanangu. Baada ya maji ya 2018.”

“Na yale ya zamani?”

“Ya zamani yalikuwa yale ya baada ya 2011, ya mninga, mazito. Yalivimba. Lile kabati ndilo la zamani kabisa, lilisalimika kwa kuwa lilielea.” Akacheka. “Huyu mjukuu wangu wa kwanza ndiye tuliyemtoa kwa mpira, yule wa pili amezaliwa maji ya mwaka uliofuata ule wa X. Godoro la chumbani ni la juzi juzi tu, masika.”

Hakuna aliyetaja mafuriko. Hakuna aliyetaja gharika. Walizungumza mitungi, magodoro, harusi iliyoahirishwa, redio iliyokauka juani ikaimba tena, cherehani iliyokataa. Kila chombo cha nyumba ile kilikuwa na maji yake, kama vile watu wengine wanavyohesabu kwa miaka ya wafalme. Nilipokwisha kunywa kikombe cha pili nilikuwa na habari zote ambazo ofisi tano hazikunipa, mwaka kwa mwaka na kina kwa kina, tena kwa vipimo vya uhakika, maana kabati halina sababu ya kudanganya lilielea wapi. Na mwishowe, tukiaga, bibi akaongeza pasipo kuulizwa kwamba wale vijana wa simu waliopita mwaka jana, walipofika nyumba ile inayouzwa, mwenyewe hakuwapo, basi yeye ndiye aliyewajibu kwa niaba, kwa ujirani. Walikuwa na vizibao vyenye kung'aa. “Tulidhani ni wa X,” akasema.

Nyumba hatukuinunua. Dalali aliniuliza sababu, nikamwambia kuwa nilipendezwa na kila kitu ila kahawia ilikuwa ndefu mno. Kwa fungu lile la kiinua mgongo tulinunua ndogo zaidi, juu mlimani, ambako Mama Salma alikagua soketi zote na kuzikuta chini mahali pake. Nami karatasi yangu yenye muhuri niliitia katika faili, nikaliandika jina, nikalifungia kabatini. Bado naiamini kwa namna fulani. Ni mahojiano na mkaaji, na mkaaji alihojiwa kweli.

Masika iliyofuata walio juu yetu walijenga ukuta, mfereji ukapoteza njia, na usiku mmoja ukapitia jikoni kwetu. Si sana, kifundoni, labda na kidogo, kwa kipimo cha kifundo changu. Tulikuwa tunaanika magunia ya mchele na fundi wa rangi yupo uani akikoroga kopo lake, ndipo wakabisha hodi vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wenye simu mikononi na vitambulisho shingoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni.”

“Tunakusanya taarifa za mafuriko, nyumba kwa nyumba. Hapa kwako maji yamewahi kuingia?”

Mama Salma alisimama mlangoni na fagio lake, akinitazama. Fundi naye akaacha kukoroga kahawia. Nikawapa vijana viti, nikamwambia Athumani alete maji ya kunywa, na walipokwisha kutulia nikawauliza kwanza wametoka ofisi gani.